Barua ya Kukubali Kutojua

Nchi yenyewe ipo. Jina lake silitaji, maana Wizara ilishaamua kwamba jina la nchi ni taarifa binafsi, na ndicho kitu pekee huko kilichofichwa kikafichika. Mengine yote yanajulikana. Inajulikana nani kala nini jana, nani kasinzia kwenye hotuba ya mkuu wa wilaya, na nani alisema kwenye simu "niko njiani, nakaribia" huku bado anatafuta soksi uvunguni.

Jambo lilianza kwa nia njema kabisa. Kwa miaka mingi wananchi walilalamika kwamba serikali haiwasikii. Walilalamika sokoni, walilalamika redioni, walilalamika hata misibani walikokwenda kulia mambo mengine. Serikali, ambayo ina moyo, ikaona haya. Ndani ya mwaka mmoja kila nyumba ikapewa bure Birika Sikivu, Mkeka Sikivu na Kitasa Sikivu, na aliyekataa alipewa mara mbili.

Birika lilichemsha maji kama mabirika mengine, ila ndani yake mlijaa vihisi vya kila namna. Lilimjua mtu kwa mlio wa kandambili zake, likajua ana njaa, ana hasira, au ana wageni asiowataka. Mkeka ulijua aliyeketi kaketi kwa adabu au kwa kiburi. Kitasa kilikuuliza unakwenda wapi, na jibu lisipokiridhisha kilikuuliza tena kwa sauti ya upole zaidi. Vyote vilikuwa na taa ndogo ya kijani, na taa ikiwaka ujue unasikilizwa. Ilikuwa inawaka siku zote.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri siku ya uzinduzi, amevaa suti ya vipande vitatu juani, "mlisema hatuwasikii. Kuanzia leo mtu akikohoa chumbani kwake, Wizara itajua kikohozi hicho ni cha vumbi au cha dharau. Wapo wachache wanaouliza, je, faragha? Nawajibu kwa heshima: faragha ipo, tumeiundia wizara, tena ndiyo hii hii. Tutailinda faragha yenu kwa nguvu zote, na ili tuilinde vizuri ni lazima kwanza tujue iko wapi, inafanana na nini, na mnaifanyia nini mkiwa peke yenu."

Watu walipiga makofi. Mkeka wa jukwaani uliandika nani kapiga kwa moyo na nani kapiga kwa viganja tu.

*

Mtaa wa Mikwajuni alikaa Mzee Mshamu Ngulangwa, na kazi yake ilikuwa ushenga. Miaka arobaini alipeleka posa za watu, kwa kanzu ileile na koti lilelile, na hakuna posa hata moja iliyomfia mikononi. Siri ya kazi yake aliiita kupepeta. Maneno yalitoka nyumba moja na makapi yake yote, yeye akayapepeta njiani, yakafika nyumba ya pili safi. Mzee wa upande wa mke akisema, "Huyo kijana mvivu, hata nzi akimtua hafukuzi," Mzee Mshamu alifika upande wa pili, akaomba maji, akanywa mafunda mawili, akasema, "Wamependezwa sana na utulivu wake." Wenyewe walijua anapepeta. Hakuna aliyemuuliza, maana ukishamuuliza mshenga hivyo inabidi ukamjibu mzazi mwenzio, na hapo harusi hakuna.

Basi kila Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, mabirika yote ya mtaa yalichemka kwa pamoja na kusoma Taarifa ya Mtaa, ili majirani waishi kwa uwazi. Jumamosi moja Mzee Mshamu alikuwa ameshika kikombe, mkewe Bi Zamda anamkaangia mayai, birika likakohoa.

"Mwenye nyumba namba kumi na saba," likasema, "amemweleza kinyozi wake kwamba mchuzi wa ndizi wa mkewe haumpendezi, na kwamba ameumeza kwa miaka thelathini na nne kwa ajili ya amani. Sasa tunaingia kwenye hali ya hewa."

Bi Zamda akageuza mayai taratibu. "Miaka thelathini na nne," akasema.

"Mama Chausiku, kinyozi alikuwa ameniwekea wembe shingoni. Mtu husema lolote."

"Mwenye wembe shingoni husema ukweli, Baba Chausiku."

Mayai yale walikula majirani. Mzee Mshamu alikula mkate mkavu wiki nzima, na hakulalamika, kwa sababu birika lingeandika. Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa mkate. Ilikuwa posa ya Hamdani.

Hamdani alikuwa mtoto wa marehemu Mkadamu, swahiba wa Mzee Mshamu tangu utotoni. Mkadamu alipokuwa kitandani hawezi, alimshika mkono rafiki yake akamwambia jambo moja tu: "Mwanangu umwoze wewe." Kijana mwenyewe alikuwa fundi saa, mpole, anampenda Siwema, mwalimu wa chekechea, na Siwema anampenda. Hawa wawili hawakuwa na tatizo. Tatizo walikuwa wazazi.

Mama yake Hamdani, Bi Sikudhani, alikuwa Mkisaro wa pwani, mkaanga vitumbua, na mdomo wake haukuwa na breki. Baba yake Siwema, Mzee Kibwana, alikuwa Mndombe wa milimani, bwana shamba mstaafu, mtu aliyeamini kwamba bila yeye taifa lingelala na njaa. Hawajawahi kukaa chumba kimoja, na Mzee Mshamu alihakikisha hawakai. Kwa miezi mitatu alikwenda na kurudi katikati yao akipepeta mpaka mikono ikauma.

Mzee Kibwana alisema vitumbua vya Bi Sikudhani vingefaa kujengea msingi wa zahanati. "Amesifu uimara wa kazi yako," Mzee Mshamu akamfikishia. Bi Sikudhani alisema mahindi yalikuwa yakimwona Mzee Kibwana yananyauka yenyewe, na chai ya nyumbani kwake ni maji yaliyopitiwa na jani. "Anasema hata mimea inakutambua," Mzee Mshamu akamwambia bwana shamba, "na kwamba nyumba yako haina makuu." Mzee Kibwana akafurahi, akaagiza chai nyingine.

Posa ikakubaliwa, harusi ikapangwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ila mabirika yalikuwepo na yalisikia yote. Taarifa ya Mtaa ilikuwa inasoma nyumba kwa zamu, kwa kufuata namba, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu ya Bi Sikudhani.

Siwema mwenyewe alimfuata mshenga barazani kwake, amebeba daftari za watoto.

"Baba Mshamu, shikamoo. Nasikia Jumamosi watasoma nyumba ya mama mkwe."

"Marahaba, mwanangu. Wasikutishe."

"Mimi nimemsubiri Hamdani miaka mitatu. Baba yangu namjua. Akisikia neno moja tu baya, ataivunja, na akishaivunja hatarudi nyuma hata akijuta. Nitabaki nyumbani na yeye, tunanunishiana mpaka tuzeeke." Akafuta macho kwa upande wa daftari. "Fanya lolote."

Mzee Mshamu akavaa koti.

*

Wizara ya Usikivu na Faragha ilikuwa jengo la ghorofa tisa, kuta zake zote vioo, vyoo vikiwemo. Dirisha la tatu liliandikwa USIKIVU, la nne FARAGHA, na nyuma ya madirisha yote mawili alikuwepo afisa mmoja, Bwana Method Kalunde, kijana nadhifu, kalamu tano mfukoni. Alikusikiliza dirisha la tatu akiwa na beji nyekundu, kisha akahama na kiti chake mpaka la nne, akabandika beji ya bluu, akakuuliza shida yako upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina maneno ya posa, sitaki yasomwe."

"Hapa ni Usikivu. Faragha ni dirisha linalofuata." Akahama na kiti. "Shikamoo, mzee. Karibu Faragha."

Akamtolea Fomu F-9, Ombi la Kufichiwa. Kipengele cha kwanza kilisema: eleza kwa ukamilifu jambo usilotaka lijulikane, usifupishe.

"Nikilieleza si litajulikana?" akauliza Mzee Mshamu.

"Usipolieleza tutalifichaje? Tunaweza tukaficha jambo jingine kwa bahati mbaya, halafu ukatushtaki."

Mzee Mshamu akaona kijana ana hoja. Akaandika kurasa saba, kila neno na mwenyewe, kila tusi na siku yake, zahanati, mahindi, jani, yote. Kipengele cha tatu kilitaka ombi lisomwe kwa kipaza sauti, ili kama ukumbini yupo mtu anayepinga jambo hilo lisifichwe, ajitokeze. Bwana Method alisoma kwa sauti nzuri ya mwimbaji wa kwaya. Alipofika kwenye zahanati ukumbi mzima ulicheka, na mama mmoja aliyekuja kuficha umri wake akaomba arudie. Hakuna aliyepinga.

"Limekubaliwa," akasema Bwana Method, akagonga muhuri wa SIRI kwenye nakala zote sita. "Jumamosi birika halitasoma hata herufi."

Mzee Mshamu alitaka kumbusu paji la uso. Akatoka pale mwepesi, akapita dukani akamnunulia Bi Zamda kanga ya maua, maana mambo ya mchuzi yalikuwa bado hayajapoa. Kipengele cha tisa hakukisoma. Kilikuwa na maneno matatu tu: Ridhaa ya Wahusika.

*

Wizara, kama inavyojulikana, ni ya sheria tupu. Haiwezi kumficha mtu jambo bila yeye mwenyewe kukubali kufichwa. Huo ungekuwa uonevu. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi mpanda pikipiki alileta barua mbili Mikwajuni. Ya Mzee Kibwana ilisema hivi:

"Ndugu Kibwana. Wizara inaomba ridhaa yako ya kutojua kwamba tarehe sita, saa nne asubuhi, Bi Sikudhani wa nyumba namba ishirini na mbili alisema kwamba mahindi yalikuwa yakikuona yananyauka yenyewe (kiambatanisho A), na kwamba chai yako ni maji yaliyopitiwa na jani (kiambatanisho B, pamoja na kicheko). Tafadhali weka alama panapohusika: NAKUBALI KUTOJUA. SIKUBALI KUTOJUA. Wizara inathamini utulivu wako."

Mzee Kibwana aliweka alama kwenye SIKUBALI kwa nguvu mpaka kalamu ikatokea upande wa pili. Kisha akalibeba Birika Sikivu, akalitupa kwenye banda la kuku, na kumwita mshenga.

"Kaa chini, Mshamu. Hata mimea inanitambua, siyo?"

"Mzee mwenzangu..."

"Miaka thelathini na moja nimewafundisha watu nafasi ya shina na shina. Nimepewa cheti na mkoa. Leo mtu anayekaanga unga ananiambia nanyausha mahindi." Mzee Mshamu aliona kwamba hasira ilikuwa juu juu tu, chini yake mzee ameumia kweli. "Harusi hakuna. Kamwambie hivyo, na safari hii usipepete."

Bi Sikudhani naye hakusema mengi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa ameketi mbele ya kikaango kisicho na moto.

"Mume wangu alikufa akiwa na kitumbua changu mkononi," akasema. "Alikuwa hawezi kula kitu kingine. Halafu mtu aseme zahanati." Akamrudishia Mzee Mshamu barua ya majibu ya posa. "Nenda, shemeji. Hujakosea wewe."

Lakini alikuwa amekosea yeye, na alilijua hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kurasa saba, kwa mkono wake mwenyewe. Alimwona Mkadamu kitandani, amemshika mkono.

*

Saa tisa alasiri alikuwa jikoni amejiinamia. Bi Zamda alimtazama weee, huruma ikamshinda, akamwekea chai. Na hapo, mkono bado uko kwenye kikombe, Mzee Mshamu akanyanyua kichwa.

"Mama Chausiku, matusi gani hayavunji undugu?"

"Hakuna."

"Yapo. Ya watani."

Nchi ile, kama nyingine mnazozijua, ina makabila yenye utani. Ukiwa na mtani wako anaweza kukutukana wewe, mama yako na ng'ombe wako, akakunyang'anya kofia msibani na kulala kwenye kaburi la mjomba wako akisema halifukiwi mpaka apewe kuku, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Unachoruhusiwa ni kurudisha, tena kwa kuzidisha.

Mzee Mshamu akachukua ile kanga mpya ya maua, akalifunika birika mara mbili, akanong'ona, "Wandombe na Wakisaro ni watani."

"Tangu lini?" Bi Zamda naye akanong'ona. "Watani ni watu waliopigana vita zamani. Hawa hawajawahi hata kukutana. Milima ile kule, bahari huku."

"Walipigana. Vita vya Kunde."

"Vita gani hivyo?"

"Wandombe walishuka wakaiba kunde za Wakisaro zikiwa jikoni. Wakapigana siku tatu kwa miiko. Siku ya nne wakakuta kunde zimeiva kupita kiasi, zikitupwa ni hasara kwa wote, wakakaa wakala pamoja, wakawa watani."

Bi Zamda akaziba mdomo kwa upande wa mtandio wake, mabega yakitikisika. Alikuwa hajacheka mbele ya mumewe tangu siku ile ya mayai. "Umevitunga sasa hivi."

"Sasa hivi."

"Mzee Kibwana atasema havijui."

"Mzee Kibwana?" akasema Mzee Mshamu, akivaa koti. "Yule hajawahi kutojua kitu maisha yake yote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Bwana shamba aliposikia habari za Vita vya Kunde alijikuna kidevu, akatazama milima ambayo pale mjini haionekani.

"Vita vya Kunde," akasema. "Babu alikuwa anavitaja sana."

"Nilijua utavikumbuka."

"Alikuwa na kovu hapa." Akagusa kisogo. "La mwiko." Kisha uso ukambadilika. "Kwa hiyo huyu mwanamke ananitania tangu mwezi ulipoanza, na mimi nimekaa tu kama gogo?"

"Nilishangaa," akasema Mzee Mshamu kwa huzuni. "Watu wameanza kuuliza kama Wandombe wameishiwa maneno."

Mzee Kibwana akasimama. "Kamwambie nimevionja vile vitumbua, na jino langu la dhahabu limeomba talaka. Kamwambie kama nilivyosema, usipunguze."

Kwa Bi Sikudhani kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Yeye alidai Vita vya Kunde vilianzia uani kwa bibi yake, kwamba mwiko wenyewe anao, na akautoa. Ulikuwa mpya, bado una bei. Aliposikia habari za jino la dhahabu aliwasha moto chini ya kikaango kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwambie huyo mwizi wa kunde," akasema, "kwamba nikimpikia mkwe atafune, yeye nitampikia uji. Namwonea huruma, jino lenyewe ndilo kitu pekee alichowahi kuvuna."

Wiki mbili nzima Mzee Mshamu alibeba matusi mabichi. Mwanzoni ulimi ulimgoma, ameshazoea kupepeta, akajikuta anasema "samahani" kabla ya kila tusi, wakamkataza. Baadaye akazoea. Siku nyingine, neno likiwa dogo, aliliongeza njiani.

*

Ijumaa ya harusi Wakisaro walifika uani kwa Mzee Kibwana mapema, wakamnyang'anya viatu vyake vya harusi, wakavitundika juu ya mpapai na kutaka vikombolewe kwa jogoo. Wandombe wakamficha sheikh stoo, wakasema hatoki mpaka mama wa bwana harusi akiri kwamba kunde zilikuwa tamu. Bi Sikudhani alikiri, akaongeza kwamba ndizo chakula cha kwanza cha heshima walichowahi kula. Mkeka Sikivu ulihesabu dharau mia nne na kumi na mbili ndani ya saa moja, ukapata joto, ikabidi umwagiwe maji. Mzee Kibwana, peku, na Bi Sikudhani, mwiko mkononi, walikuwa wameketi bega kwa bega na wanafutana machozi ya kicheko.

Sheikh akatolewa stoo. Hamdani akaketi mbele yake, kanzu nyeupe. Siwema alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha. Sheikh akafungua daftari, akavuta pumzi.

Pikipiki ikasimama nje.

Safari hii aliyeleta barua alikuwa Bwana Method mwenyewe, beji zote mbili kifuani.

"Samahani wazee, shikamooni. Nimeleta maombi mawili ya ridhaa. Kwa mujibu wa kanuni, yajibiwe kabla mkataba haujafungwa, la sivyo ndoa ni batili."

"Ombi la nani?" akauliza Mzee Mshamu.

"Lako, mzee. Uliomba kwa vitendo. Ulilifunika birika, na kufunika birika kunahesabika kuwa ni ombi la kufichiwa. Tumekurahisishia, hukuhitaji kujaza fomu."

Mzee Kibwana akavaa miwani. Barua ilikuwa fupi na Mzee Mshamu aliisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa mkeka. Wizara ilikuwa inaomba ridhaa ya Ndugu Kibwana ya kutojua kwamba hapakuwa na Vita vya Kunde, kwamba Wandombe na Wakisaro hawana wala hawakuwahi kuwa na utani wowote, na kwamba habari hizo zilitungwa saa tisa alasiri jikoni kwa Mshamu Ngulangwa, kwa sauti ya chini, chini ya kanga mpya.

Mzee Kibwana alisoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Upande wa pili Bi Sikudhani naye alikuwa anasoma, midomo inatembea bila sauti, kicheko kimeshamtoka usoni. Mzee Mshamu hakuweza kuwatazama. Alitazama vidole vya miguu vya Mzee Kibwana, akajisemea kwamba miaka arobaini ndiyo imefikia hapa, na Mkadamu ataambiwa nini. Mkeka ukaandika: hofu.

Pazia la dirisha likasogea. Mzee Kibwana akamwona binti yake, wanja umeshaanza kumchuruzika, na akamtazama kwa muda kuliko alivyoitazama barua. Kisha akaomba kalamu. Bwana Method akampa moja kati ya zile tano.

Akaweka alama taratibu, kwa adabu, kalamu haikutokea upande wa pili. NAKUBALI KUTOJUA.

Bi Sikudhani akamchungulia, akaona alama ilipo, akaweka na yake.

"Asanteni," akasema Bwana Method, akifungua ukurasa wa nyuma. "Kipengele cha mwisho. Mhusika athibitishe kwa maneno yake mwenyewe: amekubali kutojua jambo gani?"

Mzee Kibwana akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nitajuaje?" akasema.

Bwana Method akatazama fomu. Akaigeuza. Akamgeukia Bi Sikudhani kwa matumaini. "Na wewe, mama?"

"Mimi niandikie kama yeye. Huyu bwana shamba kwa kutojua ni mtaalamu, ana cheti cha mkoa."

"Mwizi wa kunde hapokei ushahidi wa mkaanga zahanati," akajibu Mzee Kibwana.

Hakukuwa na kisanduku cha jibu hilo. Bwana Method alikitafuta juu na chini, akabandua beji nyekundu, akabandua ya bluu, akazishika zote mkononi. Mwishowe akaandika kwa herufi nzuri, "Wahusika hawajui," akagonga muhuri. Sheikh akamwuliza Hamdani swali lake, na Hamdani akajibu kabla halijaisha.

*

Chakula kikaja. Kilipikwa na wanawake wa mtaa mzima, na sinia aliloletewa Mzee Mshamu lilibebwa na Bi Zamda mwenyewe. Lilikuwa na bakuli moja tu. Mchuzi wa ndizi.

Alipiga magoti, akanawa, akala. Alikula wote, akafuta bakuli kwa kidole. Bi Zamda alikuwa amesimama juu yake, amejifunga ile kanga ya maua, hajapepesa macho.

"Mtamu?" akauliza.

"Mtamu," akasema Mzee Mshamu.

Kutoka kwenye banda la kuku taa ya kijani ikawaka na birika likaanza kukohoa. Bi Zamda akaenda akafungua mlango wa banda, akaligeuza birika mdomo ukutani, akarudi na kumwongeza mumewe mchuzi.